Kutoka Kisu Hadi Sindano

Nyeri, 17 Februari 2025

Kwa Guka Gikonyo,

Natumaini hujambo, na lile goti halikusumbui kwenye mteremko wenu wa Kianyaga. Sisi huku ni wazima. Baba amenunua ng'ombe mwingine bila kumwambia Mama, na sasa wote wawili, Baba na ng'ombe, wanatazamwa kwa jicho kali. Mwambie shangazi yangu, Tata Beth, nimepata ndizi alizonitumia, ila nusu ziliiva njiani tukazila na wenzangu hapa kazini.

Naandika kama ulivyotaka. Tukizungumza kwa simu mimi napiga kelele mpaka wagonjwa wanaamka, nawe unanijibu jambo nililokuuliza wiki iliyopita. Uliniambia pia nisikufiche kitu. Basi sikufichi.

Ile picha uliyopigwa hapa hospitalini inaonyesha uvimbe kwenye ini, upande wa kulia, mkubwa kama njugu ya makadamia ikiwa bado ndani ya ganda. Ni saratani. Imetokana na ile homa ya ini uliyokaa nayo miaka mingi bila kujua. Ini limejaa makovu, na uvimbe umeota katikati ya makovu. Imeonekana mapema, Guka. Hilo ndilo neno ninalotaka ulishike.

Mambo ya ini hapa kwetu hayaamuliwi na daktari mmoja. Kila Alhamisi watano hukaa chumba kimoja: Daktari Mathenge wa upasuaji, Daktari Bharti anayesoma picha, daktari wa ini, daktari wa maabara, na daktari wa dawa za saratani, ambaye yuko Nairobi na tunamwona kwenye skrini. Mimi ndiye nesi wao. Napanga majina, nasoma historia ya kila mgonjwa, kisha namjulisha mgonjwa walichokubaliana. Zamu yako ni tarehe kumi na tatu mwezi ujao. Una swali lolote ungependa wajibu?

Mjukuu wako,
Nyawira


Kianyaga, 26 Februari 2025

Kwa mke wangu Nyawira,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Beth. Juzi nilipokwenda kununua stempu, postamasta alicheka alipoona nimekuandika hivyo juu ya bahasha. Nikamwambia wewe ulipewa jina la marehemu mke wangu, na kama jina ni lake, basi na heshima yake ni yako. Naandika Kiswahili kwa sababu ninyi watoto wa mjini Kikuyu mnakisikia tu, kukisoma kunawashinda. Jua ni kali huku na mahindi yamejikunja. Shati langu la kanisani limekuwa kubwa. Beth anasema nililinunua vibaya.

Hilo la saratani nimelisoma. Niliikunja karatasi, nikaifungua tena, na neno bado lilikuwa pale. Tuendelee na mengine.

Umeniuliza kama nina swali. Ninayo mengi. Unajua kazi yangu. Tangu nistaafu kiwanda cha kahawa, ni nadra msichana wa huku aolewe bila mimi kuitwa kuwa msemaji kwenye ruracio, kikao cha mahari, upande wa mvulana au wa msichana. Nimeketi vyumba vingi ambamo watu wanazungumza mahari ya mtu asiyekuwepo. Kwa hiyo niambie: nani huanza kusema? Nani hukaa karibu na mlango? Kwetu anayekaa karibu na mlango ndiye mwenye haraka, na mwenye haraka tunamjua mapema. Yule wa kisu na yule wa picha hutazamana wakiongea, au kila mmoja hutazama ukuta? Wakikosa kukubaliana hutoka nje kunong'ona, kama sisi? Neno la mwisho ni la nani? Na wanakunywa nini?

Jumamosi nilikuwa Karatina kumsemea kijana wa Ngatia. Pombe ya muratina sikunywa. Nilishika pembe ya kunywea tu, kwa adabu.

Wako,
Gikonyo


Nyeri, 14 Machi 2025

Kwa Guka mpendwa,

Hamjambo huko? Huku mvua imeanza kunukia tu. Ng'ombe wa Baba amekubaliwa, Baba bado. Na hiyo pembe ya muratina, Guka, hata kuishika uache. Nakujua.

Maswali yako yamenifanya nikitazame kile chumba kama mgeni. Karibu na mlango hukaa Daktari Mathenge, wa upasuaji, kwa sababu wakati wowote anaweza kuitwa. Ulijuaje? Hakuna anayetoka nje kunong'ona. Wote hutazama picha ukutani, si nyuso. Wanakunywa chai ya maziwa, na mandazi ni ya jana. Mwenye neno la mwisho nilimtafuta sana nikamkosa. Mtu husema, mwingine humrudisha nyuma, na mwishowe linabaki jambo ambalo hakuna aliye na sababu ya kulikataa.

Anayeanza kwa kawaida ni mimi. Lakini walipofika kwenye jina lako, daktari wa ini alisema, "Nyawira, huyu si guka yako? Wacha Monicah asome." Monicah ni nesi mwenzangu. Kwa hiyo nilimpa faili, nikasikiliza.

"Mimi nitakata," Daktari Mathenge akasema. "Iko pembeni, inatoka vizuri."

Daktari Bharti alizaliwa hapa Nyeri, juu ya duka la vitambaa la babake, na anaongea kama watu wa sokoni. Akamwambia, "Utakata ubaki na nini? Angalia hii ini. Yote iko na makovu. Ukitoa kipande, ile imebaki itachoka, na mzee hataamka."

"Sasa wewe unataka tufanye nini?"

"Tuchome na moto. Sindano moja, kupitia kwa ngozi, nikiangalia na picha. Bado iko saizi ya kuchoma."

Daktari Mathenge akaisogelea picha. "Sawa," akasema. "Naweka kisu chini." Sichoki kuliona jambo hilo. Mtu aliyesomea kukata, akikubali kutokata, bila hata kununa.

Basi wanakutaka Jumatatu, tarehe ishirini na nne. Utakuja bila kula, utalala usiku mmoja, utarudi nyumbani. Sindano hufaa uvimbe ukiwa bado mdogo, kwa hiyo usichelewe. Baba atakuja kukuchukua.

Mjukuu wako,
Nyawira


Kianyaga, 28 Aprili 2025

Kwa mke wangu Nyawira,

Salamu nyingi sana. Mvua imetukumbuka mpaka imezidi. Barabara ya juu ni tope tupu, na lori la majani chai limelala mtaroni tangu juzi, watu wanalipita tu. Kahawa imetoa maua. Beth amepona mafua. Mbwa wetu amezaa, na watoto wote wanafanana na mbwa wa yule jirani tusiyesalimiana naye, hata sijui nifanye nini.

Sasa ile safari. Najua baba yako alikuja na gari asubuhi ile akanikosa. Nilikuwa nimeitwa Kiriaini kwenye mahari. Najua pia umempigia Beth simu mara nyingi, kwa sababu kila akimaliza kuongea nawe huniwekea chakula bila kunitazama. Usidhani nilisahau. Barua yako niliisoma kwa makini, na nataka nikueleze nilichokiona ndani yake.

Walianza na kisu. Kabla sijasema neno, kabla sijatuma hata mtu wa kuwasalimu, wakashuka wenyewe mpaka sindano. Kwa kikao kimoja. Nimefanya kazi hii muda mrefu na sijawahi kuona watu wanaoshuka hivyo siku ya kwanza. Wakishuka haraka namna hiyo, msemaji mwenye akili hakimbilii kukubali. Hunyamaza. Husema ng'ombe anaumwa, barabara ni mbaya, mzee fulani amesafiri. Akirudi kikao cha pili hukuta wameshuka tena. Nikiwapa muda, naona watafika kwenye vidonge. Nikiwaongezea mwingine kidogo, huenda wakaniambia nikae nyumbani nipumzike.

Kwa hiyo waambie barabara ni mbaya. Wala si uongo.

Lile shati Beth amelipunguza kiunoni.

Wako,
Gikonyo


Nyeri, 5 Mei 2025

Guka,

Nimesoma barua yako nikacheka, halafu nikaingia stoo ya dawa nikalia. Sasa nimekasirika, na ninaandika kabla hasira haijaisha.

Wale watano hawako upande wa pili. Daktari Mathenge hakushusha bei alipoweka kisu chini. Aliona kisu kingekuua. Sindano si kisu kilichopunguzwa. Ni kitu kingine kabisa, kwa ini lako wewe, kwa uvimbe wa ukubwa ule wa mwezi wa tatu. Wakifika kwenye vidonge haitakuwa kwa sababu umewashinda kwa maneno. Itakuwa ni kwa sababu mengine yote yamekataa. Na wakikuambia ukae nyumbani upumzike, mimi najua maana yake, kwa sababu mimi ndiye hutumwa kuwaambia watu.

Kilicho upande wa pili ni huo uvimbe, na hausubiri barabara ikauke.

Njoo upigwe picha nyingine. Nakuomba.

Nyawira


Kianyaga, 12 Mei 2025

Kwa mke wangu Nyawira,

Hukunisalimu. Tangu ujue kuandika ni mara ya kwanza, na hapo ndipo nilipojua jambo hili ni zito kuliko nilivyolipima. Mimi nakusalimu. Beth anakusalimu. Watoto wa mbwa wamefungua macho.

Nitakuja wiki ijayo. Baba yako ameapa atalala hapa kwetu siku moja kabla, nisije nikaitwa Kiriaini tena.

Hilo la kwamba hao watano hawako upande wa pili nimelifikiria nikipalilia. Nataka kulikubali, lakini kuna mahali linanikwama. Watu watano wanazungumza habari zangu, wanaelewana, kisha naletewa siku ya kwenda. Kwetu pia msichana hakai chumbani tukimzungumzia. Lakini tukishamaliza, kila kitu kimekubaliwa na muratina iko tayari kwenye pembe, hakuna anayeigusa. Tunamwita. Anasimama mbele ya wazee wote, na baba yake anamuuliza, "Tunywe hii pombe?" Akisema hapana, tunarudi nyumbani na kiu yetu. Nimeliona mara moja, kule Karatina. Msichana alisema hapana kwa sauti ndogo sana, na wazee wote wale, waliokuwa wamebishana tangu asubuhi, wakaokota kofia zao.

Mimi sijaitwa na mtu. Usione hiyo ni hasira, ni swali tu. Huko kwenu, kazi ya kumwita mtu ni ya nani?

Wako,
Gikonyo


Nyeri, 13 Juni 2025

Kwa Guka mpendwa,

Hujambo? Tata Beth hajambo? Mbwa na watoto wake hawajambo? Hizo ni salamu za leo pamoja na zile nilizokunyima.

Ulipokuja kupigwa picha tuliketi kwenye kantini tukaongea habari za ng'ombe wa Baba mpaka gari likaja. Nilikuwa na mengine ya kusema nikashindwa. Naona mimi na wewe hatuwezi mambo haya uso kwa uso. Umekonda, Guka.

Uvimbe umekua. Sasa ni mkubwa kuliko makadamia, mdogo kuliko yai la kuku wa kienyeji. Sindano peke yake haitoshi tena. Sikuambii hivyo ili kukulaumu. Nakuambia kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jana walikaa, na Monicah akasoma. Kabla hawajafunga faili lako niliinua mkono, jambo ambalo siruhusiwi siku yako, nikasema mgonjwa ana swali. Nikawasomea ile sehemu ya msichana na pembe, yote, hadi kwenye kofia.

Daktari wa Nairobi akagonga skrini yake, akidhani imekwama.

"Ati mzee anataka kuulizwa?" daktari wa maabara akasema.

"Na si ni ini yake?" Daktari Bharti akajibu. "Sisi huwa tunamwambia tu. Kuuliza, hapana."

"Mimi huwa nawauliza," Daktari Mathenge akasema. "Wakiwa wamelala hapo nje ya chumba cha upasuaji, wameshavaa gauni."

Yeye mwenyewe alisikia alichosema, akaiweka chini chai yake. Wakakubaliana kwamba tangu sasa neno halitaandikwa kuwa limepita mpaka mgonjwa aulizwe, na aulizwe akiwa na nguo zake. Wewe ndiye wa kwanza. Na kwa vile simu huisikii, nimeambiwa niandike.

Wanachosema ni hiki. Daktari Bharti ataingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, aupandishe mpaka kwenye mshipa unaolisha uvimbe, aweke dawa hapo na kuuziba, ili uvimbe ukose chakula. Baada ya wiki kadhaa watapiga picha. Ukisinyaa, watauchoma kwa sindano. Usiposinyaa, kutabaki vidonge, na vidonge vitauchelewesha tu. Nafasi yako ni ndogo kuliko ilivyokuwa Machi, lakini ipo. Ukikataa, watakutunza usiumie, na hakuna atakayekununia.

Basi unaulizwa, Guka.

Mjukuu wako,
Nyawira


Kianyaga, 23 Juni 2025

Kwa mke wangu Nyawira,

Salamu. Baridi ya Juni imeingia na mlima hatujauona tangu wiki iliyopita. Barua yako niliisoma, nikampa Beth akasoma, kisha nikamnyang'anya nikasoma tena.

Waambie ndiyo. Nimelisema mbele ya Beth na mbele ya mchungaji, ili nikitaka kurudi nyuma nikute njia imezibwa. Na umwambie huyo wa upasuaji kwamba nimempenda kwa kuiweka chini chai yake.

Lakini nina jambo moja. Mimi kabla ya kikao huchora chumba, nani atakaa wapi, nijue nitamtazama nani nikisema. Jana nilikichora chumba chenu. Wale watano, Monicah, na wewe. Halafu nikatafuta benchi la watu wangu nikakuta ni tupu. Nimekubali kwamba hao si wapinzani. Lakini msichana akiitwa mbele ya wazee, shangazi yake husimama nyuma yake. Hasemi kitu. Kazi yake ni kusimama pale tu.

Tangu Februari umeniandikia kama nesi mzuri sana. Ini langu sasa nalijua kuliko shamba langu. Wewe ndiye sikujui unaendeleaje. Hujaniambia hata mara moja kama unaogopa. Mimi naogopa. Yale maneno ya kuwangoja washuke, kidogo yalikuwa ujanja, na sehemu kubwa ilikuwa woga.

Siku zangu zikifika, hicho kiti cha ndani mwachie Monicah, hata kama hawakufukuzi. Njoo ukae kwenye benchi langu.

Wako,
Gikonyo


Nyeri, 22 Agosti 2025

Kwa Guka wangu,

Habari za nyumbani? Tata Beth ameniambia ile homa iliyokushika baada ya mrija imekwisha, na kwamba umeanza kulalamikia chumvi kwenye chakula. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Paja bado lina weusi? Utaondoka polepole.

Jana sikuingia. Nilimpa Monicah faili lako nikakaa nje, kwenye benchi la watu wa wagonjwa. Miaka yote hii nimelipita benchi lile na mafaili mkononi, nikisema samahani, samahani, wavute miguu nipite. Sikujua kwamba ukiwa pale sauti za ndani unazisikia na maneno huyasikii. Mama mmoja wa Kiriaini alikuwa akimngojea mumewe. Akaniuliza, "Hawa madaktari wanaongea nini huko ndani saa hizi zote?" Mimi najua nani huanza, nani yuko karibu na mlango, hata mandazi ni ya lini. Nikamwambia, "Sijui, mama." Na kweli sikujua. Wakacheka huko ndani, nikawachukia wote kwa muda kidogo. Yule mama akanishika mkono.

Umeniuliza kama naogopa. Naogopa sana. Naogopa tangu siku niliyoiona ile picha ya kwanza kabla yako, nikakaa nayo wiki nzima nikitafuta neno la makadamia. Sitaki kubaki na jina hili bila mtu wa kuniita mke wake.

Monicah alitoka akaniambia. Uvimbe umesinyaa. Si sana, lakini sindano inaweza kuufikia, na wote watano wameona hivyo. Hakuna ahadi kwamba hautarudi. Itabidi upigwe picha kila baada ya muda, maisha yako yote. Hawajaandika kwamba neno limepita. Wanakuuliza. Ukikubali, siku waliyoweka ni Jumatatu, tarehe mosi Septemba. Sitakusukuma, wala sitampigia Tata Beth. Jibu ukiwa tayari.

Wako,
Nyawira


Nyeri, Ijumaa, 29 Agosti 2025

Kwa mke wangu Nyawira,

Karatasi hii nimepewa na Monicah, na kalamu ni ya askari wa langoni, anaingoja. Monicah anasema uko wodini na hutoki sasa hivi. Maliza kazi yako.

Barua yako ilinifikia jana. Beth alitaka tungoje gari la baba yako Jumapili, nikamwambia hiyo Jumapili iko mbali.

Kuna jambo mimi huwafundisha vijana wanaotaka kuwa wasemaji. Usifike kabla ya siku. Anayefika kabla ya siku amejianika. Kila mtu anaona ana haja, na hapo hawezi tena kuomba kupunguziwa chochote. Nimelifuata mpaka nikazeeka, na halijaniangusha.

Siku yangu ni Jumatatu. Leo ni Ijumaa, na nimekaa kwenye hilo benchi lenu la nje tangu asubuhi. Waambie wote watano wapite hapa wanione. Nina haja, Nyawira. Nina haja sana.

Gikonyo